Bei ya kutengeneza gitaa: unamlipa fundi kwa kazi gani hasa?

Kila ifikapo mwezi wa nane, upepo mkavu unapovuma Mbeya na vumbi kuingia hadi kabatini, magitaa ya kwaya huanza kuumwa. Nyuzi zilizolia vizuri wakati wa Pasaka huanza kukwaruza, ncha za vyuma vya shingoni huparua kiganja, na mpigaji aliyekuwa akimaliza wimbo mzima bila kusita sasa anasimama baada ya kila ubeti akaze nyuzi upya. Hapo ndipo gitaa hupelekwa kwa fundi, na hapo ndipo ubishi huanza. Nimeusikia mazoezini, nimeusikia madukani Mwanjelwa, na nimeusoma katika makundi ya simu ya wapigaji wa Mbeya, Iringa na Njombe: gitaa limenunuliwa laki moja na nusu, fundi anaomba elfu ishirini na tano kwa kubandika kibao kimoja kilichobanduka, na mwenye gitaa anauliza gundi gani hiyo inayouzwa bei ya mbuzi mdogo.

Ubishi huo hauwezi kwisha kwa kutaja bei peke yake, maana sehemu kubwa ya kazi ya fundi hufanyika mteja akiwa hayupo, na sehemu nyingine hufanyika mbele ya macho yake bila yeye kuitambua kuwa ni kazi. Kwa hiyo nitaanza na gitaa lenyewe, nije kwenye maradhi yake, kisha ndipo tuhesabu pesa.

Tukubaliane kwanza majina. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza shingo ya gitaa, ambavyo uzi ukikandamizwa juu yake sauti hubadilika. Mara nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na ingawa hung'aa kama fedha, hamna fedha ndani yake. Daraja ni kibao kilichobandikwa kwenye tumbo la gitaa ili kushika nyuzi upande wa chini. Nyuzi hulalia vipande viwili vyembamba vya mfupa au plastiki, kimoja juu ya daraja na kingine kwenye mwisho wa shingo karibu na vikazio. Nitaviita kiti cha chini na kiti cha juu. Kimo cha nyuzi ni nafasi iliyopo kati ya uzi na freti, ile ambayo wapigaji huizungumzia wanaposema "nyuzi ziko juu". Kuseti gitaa ni kurekebisha mambo hayo yote kwa pamoja, yaani mkunjo wa shingo, viti vyote viwili, kimo na usahihi wa sauti, mpaka gitaa liwe jepesi mkononi na la kweli masikioni.

Sasa fikiria mzigo. Nyuzi sita za chuma za gitaa la kawaida lisilotumia umeme, zikishakazwa hadi sauti yake sahihi, huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70. Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50, uongeze juu yake ndoo ya maji ya lita 20, na utakuwa umepata uzito unaovuta lile daraja usiku na mchana, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani na mwenyewe amelala. Ubao wa tumbo unaobeba mvuto huo kwa kawaida hauzidi unene wa milimita 3. Gitaa la nyuzi za nailoni limeundwa kwa mzigo mwepesi zaidi, kilo 40 hivi, na anayelifunga nyuzi za chuma kwa sababu anapenda ukali wa sauti yake analifanyia kile ambacho wakulima wa viazi wa huku kwetu wanakijua kwa uchungu, lumbesa: gunia linajazwa kupita uwezo wake, mshono unakaza, na siku unapoachia kila mtu anashangaa kana kwamba haikutarajiwa.

Juu ya mzigo huo kuna hali ya hewa. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, na inapoukosa husinyaa kwa upana wake kuliko kwa urefu wake. Kila mwenye nyumba Uyole au Tukuyu anaujua mlango unaogoma kufunga wakati wa mvua, kisha kiangazi ukaacha mwanya wa kupitisha kidole. Gitaa ni mlango huohuo, ila mwembamba zaidi na wenye vyuma. Ubao wa shingo ukisinyaa, freti hazisinyai pamoja nao, ndiyo maana ncha zake hujitokeza pembeni na kukata kiganja. Watengenezaji wengi wa magitaa hupendekeza hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na kiangazi cha nyanda za juu, chenye baridi kali usiku na jua kavu mchana, hakikai ndani ya kipimo hicho kwa muda mrefu. Halafu kwaya inaalikwa Kyela: gitaa linatoka Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, linashuka hadi kwenye joto na unyevunyevu wa kando ya Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi, na Jumapili jioni linapandishwa tena juu ya basi. Fundi anayeanza kwa kukuuliza gitaa linalala wapi na limesafiri wapi anatafuta chanzo cha ugonjwa, na mtu akimjibu kwa pupa, "wewe tengeneza tu," anajinyima nusu ya huduma anayoilipia.

Uchunguzi huo ndio kazi ya kwanza, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mteja husema, "Uzi wa tatu unavuma." Neno hilo moja lina sababu nyingi nyuma yake: huenda shingo imenyooka kupita kiasi, huenda freti moja imenyanyuka kwa unene wa unywele, huenda mfereji wa kiti cha juu umelika, huenda kijiti cha ndani kinachoimarisha ubao wa tumbo kimeachia, na huenda ni skurubu ya kikazio tu imelegea. Fundi mzuri hukandamiza uzi kwenye freti ya kwanza na ya kumi na nne kwa wakati mmoja, kisha huinamisha jicho atazame nafasi iliyobaki katikati, karibu na freti ya saba. Nafasi hiyo inapaswa kuwepo, lakini iwe nyembamba kama kadi ya vocha ya kukwangua. Baadaye huweka kipande kifupi cha chuma kilichonyooka juu ya freti tatu tatu, akisikiliza kama kinacheza. Kikicheza, freti ya kati iko juu. Hugonga tumbo la gitaa kwa kifundo cha kidole, polepole, kutoka daraja kwenda pembeni, mpaka mahali ambapo mlio mkavu unageuka kuwa mlio uliopasuka. Hupitisha kioo kidogo na tochi ndani ya tundu. Kwa anayetazama, huyu ni mtu anayechezea gitaa kwa dakika 20. Kwa kweli hapo ndipo pesa ya mteja inapookolewa, kwa sababu fundi asiyechunguza hutibu sehemu isiyoumwa na kulipwa kwa kuiharibu.

Mfano ulio wazi ni ule ufito wa chuma unaopita ndani ya shingo. Wazo la kuweka chuma kinachokazwa ndani ya shingo lilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1923, likitoka katika kampuni ya Gibson, na leo magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana chuma cha namna hiyo. Kazi yake ni kupingana na mvuto wa nyuzi ili shingo isipinde kupita kiasi. Watu wengi wanaamini ni kifaa cha kushushia nyuzi, kwa hiyo nyuzi zikiwa juu wanatafuta spana na kukaza mpaka mkono uchoke. Nyuzi hushuka kidogo, ni kweli, lakini shingo imenyooshwa kupita kiasi, freti za mwanzo zinaanza kuvuma, na mara nyingine nati ya chuma hicho inalika meno yake ya kukazia au kukatika ndani ya mbao, mahali ambapo kuitoa ni kazi ya siku nzima. Kimo cha nyuzi hurekebishwa zaidi kwenye viti viwili, na chuma cha shingo huguswa kwa robo mzunguko, kisha gitaa huachwa litulie kabla ya kuguswa tena.

Imani nyingine husema kwamba gitaa likikataa tyuni limekufa. Hapa hesabu inasaidia. Chukua gitaa ambalo nyuzi zake zina urefu wa milimita 648 kutoka kiti cha juu hadi kiti cha chini, urefu unaotumika sana kwenye magitaa ya umeme. Freti ya kumi na mbili lazima iwe katikati kabisa, yaani milimita 324, na freti ya kwanza iwe milimita 36.4 hivi kutoka kiti cha juu, kwa sababu kila freti huwekwa kwa kugawa urefu uliobaki kwa 17.817. Uzi unapokandamizwa huvutika kidogo na sauti yake hupanda, kwa hiyo kiti cha chini husogezwa nyuma kidogo ili kulipia upandaji huo, na kila uzi una kiasi chake. Kiti kikikosewa kwa milimita 2 au 3 tu, utakuta nyuzi zikiwa wazi zimepatana vizuri, lakini ukipanda juu ya shingo kila kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, inasikika chungu. Gitaa hilo ni zima. Linahitaji kiti kilichochongwa na mtu anayejua anachokifanya.

Kuhusu kuchonga kiti, wacha nieleze kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndicho kitu kinachoonyesha vizuri zaidi tofauti kati ya bei ya kifaa na bei ya ufundi. Mfupa wa paja la ng'ombe hupatikana buchani kwa pesa kidogo, na mara nyingine muuza nyama huutoa bure. Mfupa huo huondolewa nyama na uboho, huchemshwa taratibu, hutolewa mafuta, kwa sababu mafuta yakibaki huoza na kuacha doa, kisha hukaushwa kwa siku kadhaa kivulini. Baadaye hukatwa vipande, husuguliwa kwa msasa mpaka uingie kwenye mfereji wake bila kulegea wala kulazimishwa, ndipo mifereji sita ichongwe kwa tupa nyembamba, kila mmoja kwa unene wa uzi wake na kwa kina kinachopimwa kwa sehemu ya milimita. Ukizidisha kina kwa unene wa karatasi, uzi unavuma na kipande kizima kinatupwa. Mteja anayeona kipande cha mfupa chenye urefu wa kidole na kusema "huu ni mfupa tu" anasema kweli kuhusu kifaa, na hajasema chochote kuhusu kazi.

Kazi za umeme nitazipita haraka. Jeki (tundu la kuchomekea waya) inayokatakata, kinobu cha sauti kinachokwaruza na waya uliobanduka kwenye pikapu, kile kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi, ni mambo ambayo fundi wa redio mwenye mkono mtulivu anaweza kuyalehemu au kuyasafisha, na bei yake inapaswa kuwa ndogo. Tahadhari ni moja: fundi huyo asiguse shingo, daraja wala freti kwa sababu tu amefanikiwa kwenye waya.

Tuje sasa kwenye hesabu. Nitumie mfano wa kufikirika, ili tuone njia yenyewe, na kila fundi aweke namba zake. Tuseme fundi ana fremu Iringa mjini. Familia yake inahitaji shilingi 450,000 kwa mwezi, pango ni 70,000, umeme na vitu vinavyokwisha kama gundi na misasa ni 50,000, na anatenga 30,000 kwa ajili ya tupa, jiriwa na vipimo vitakavyochakaa. Jumla ni shilingi 600,000. Anakaa kazini siku 25, saa 8 kwa siku, hivyo ana saa 200. Lakini katika saa hizo yumo mteja aliyekuja kuuliza tu, safari ya kutafuta freti ambazo mara nyingi huagizwa Dar es Salaam, simu, kufagia, na kazi iliyorudi. Akiwa na bahati, nusu ya saa zake ndizo anazoshika gitaa la mtu kwa malipo. Gawa 600,000 kwa saa 100: kila saa ya kazi inapaswa kumletea shilingi 6,000, na hapo hajaweka faida yoyote.

Kwa kipimo hicho, kuseti gitaa kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili ni kati ya shilingi 9,000 na 12,000, nyuzi zikilipiwa kando. Kubandika daraja, ambako mikono hufanya kazi saa tatu hadi nne zilizogawanyika katika siku mbili, ni kati ya 18,000 na 24,000, na gundi na nyuzi juu yake. Kusawazisha freti zilizolika, kuzirudishia mgongo wake wa mviringo moja moja na kuzing'arisha, huchukua saa nne au tano. Kung'oa freti zote na kuweka mpya ni saa kumi au zaidi, hivyo isikushangaze ukiambiwa shilingi 60,000 kabla ya vyuma vyenyewe. Zile elfu ishirini na tano zinazolalamikiwa, kwa hiyo, ziko karibu sana na gharama halisi ya kuishi kwa kazi hii, na naamini mafundi wengi wa huku wanatoza pungufu ya hapo kwa sababu wanaogopa macho ya mteja.

Kuna anayesema fundi akimaliza kwa dakika kumi hastahili kulipwa elfu tano. Fundi aliyejua kwa dakika kumi ni skurubu gani iliyolegea alijifunza kwa kufungua magitaa mengi kwa miaka mingi, na fremu yake ililipiwa pango hata katika dakika hizo kumi. Ndiyo maana ni haki kuwa na kiwango cha chini kabisa ambacho kila kazi, hata iwe ndogo vipi, haishuki chini yake. Kinachokosa haki ni kumtoza mteja kwa kuangalia sura, au kupandisha bei kwa sababu gitaa lina jina kubwa. Gitaa la milioni mbili na la laki mbili yana freti za namna moja, na saa ya kuzisawazisha ni ileile. Tofauti inayokubalika ni ya dhamana, kwani kosa kwenye lile la milioni mbili litamgharimu fundi zaidi, na nyongeza kwa ajili hiyo inapaswa kutajwa waziwazi kabla ya kazi.

Mteja naye ana haki ambazo naona hazidaiwi vya kutosha. Apewe bei baada ya uchunguzi, si kabla yake. Aandikiwe kwenye karatasi gitaa lililetwa likiwa na kasoro gani, na picha zipigwe kwa simu mbele yake, ili ufa wa zamani usije ukazua ugomvi. Kasoro mpya ikigunduliwa katikati ya kazi, apigiwe simu kabla fundi hajaendelea. Kazi ya gundi iwe na muda wa dhamana, na daraja likiachia ndani ya muda huo libandikwe upya bila malipo, isipokuwa gitaa liliachwa ndani ya gari juani, kwa sababu joto hulegeza gundi nyingi za mbao na fundi hawezi kulidhamini jua.

Zaidi ya yote, aambiwe ukweli pale ambapo kutengeneza hakulipi. Gitaa la plaiwudi lililopinda shingo, lisilo na chuma cha kurekebishia, ambalo kazi yake ingefikia nusu ya bei ya jipya, linastahili kurudishwa kwa mwenyewe kwa maneno ya upole. Hapo hapo akumbushwe kuwa gitaa jipya la bei nafuu nalo huhitaji kusetiwa, kwani mengi hutoka dukani nyuzi zikiwa juu kiasi cha kumkatisha tamaa mtoto anayejifunza. Na fundi asishawishike kuziba tatizo kwa mbao ya msindano iliyotoka kwa mpasuaji wa mbao jana. Mbao za mashamba ya Sao Hill, kule Mufindi, hujengea mapaa ya nchi hii, lakini kipande kibichi kikibandikwa ndani ya gitaa kitasinyaa na kuvuta kila kilicho jirani yake.

Nayasema haya nikiwa nimeyalipia. Daraja la gitaa langu lilinyanyuka miaka michache iliyopita, nami nikalipeleka kwa mtu aliyekuwa karibu, akalibandika kwa supa gluu huku nikisubiri, kwa shilingi 5,000. Nilifurahi sana. Baada ya miezi mitatu likaachia tena, likiwa limeng'oa nyuzinyuzi za ubao wa tumbo. Safari hii nikalipeleka kwa fundi wa magitaa, naye akaniruhusu kukaa na kutazama. Alifunika tumbo lote kwa kadibodi iliyovikwa karatasi ya foili, akaacha tundu la ukubwa wa daraja peke yake, akalipasha joto taratibu, kisha akaingiza kisu chembamba kisicho na makali kutoka upande uliokwisha kuachia. Kila kilipogoma alisimama, akapasha tena, akasubiri. Ubao ulitoa milio midogo kama kuni mbichi jikoni. Daraja lilipotoka, chini yake palikuwa na utando mgumu unaong'aa, supa gluu iliyokuwa imezama ndani ya mbao, na gundi ya mbao haishiki juu ya kitu hicho. Akaanza kuikwangua kwa wembe, milimita baada ya milimita, akipuliza unga wake na kuukagua kwa tochi iliyolazwa ubavuni, ili kila kilichobaki kitoe kivuli.

Siku ya pili jioni alinipa karatasi yenye mistari minne. Kubandua daraja, saa moja. Kuondoa gundi ya zamani na kujaza mahali palipong'oka, saa mbili na nusu. Kubandika na kubana kwa jiriwa, dakika 40. Kufunga nyuzi na kuseti, saa moja. Jumla ilikuwa shilingi 32,000, nami nikalipa zote bila kuomba apunguze.